Bunge Halikubeba Bunduki

Shuleni nilifundishwa kwamba Bunge la Uingereza ndilo lililomshinda Mfalme Charles wa Kwanza. Nilikariri, nikapata alama zangu. Leo nakataa. Bunge halikubeba bunduki. Waliobeba ni askari wa miguu, wengi wao wamekamatwa vijijini na kupelekwa vitani kwa nguvu, kwa malipo ya peni 8 kwa siku. Mpanda farasi aliahidiwa mara tatu ya hizo.

Chukua rejimenti moja tu, ile iliyokuwa chini ya Kanali Ralph Weldon. Mei 1645 ilikwenda kuuokoa mji wa Taunton uliozingirwa, kisha yenyewe ikajikuta imezingirwa humo humo. Vita vilipokwisha mwaka 1646, rejimenti ikakabidhiwa Robert Lilburne. Mfalme alishindwa. Sasa lipeni watu!

Hawakulipwa. Kufikia masika ya 1647, askari wa miguu walidai mishahara ya wiki 18 hivi. Bunge likawaambia: chukueni ya wiki nane, mtawanyike, au mwende Ireland mkapigane tena. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hapa punda ndiye aliyepigwa teke.

Novemba 15, 1647, rejimenti ya Lilburne ilifika uwanja wa Corkbush, karibu na Ware, bila kuitwa. Ilikuwa imekwisha kuwafukuza maofisa wake. Kofiani askari walichomeka karatasi za Mapatano ya Watu, waraka uliodai Bunge lichaguliwe upya kila miaka miwili na sheria iwabane wote sawasawa. Maofisa wakaingia katikati yao na farasi, wakazinyofoa karatasi hizo. Askari watatu wakahukumiwa kifo, wakapigishwa kura. Kura ikamwangukia Richard Arnold. Akapigwa risasi mbele ya wenzake.

Wapo watakaoniambia kwamba mfalme alikuwa ametoroka siku nne tu kabla, na jeshi lisilotii lingeangamiza kila kitu. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini nauliza: nani aliyevunja ahadi kwanza? Nidhamu inayodaiwa kwa mwenye njaa peke yake, huku mwenye deni akikalia kiti chake, mimi siiiti nidhamu.

Wala sitaki kuwafanya askari hao malaika. Mwaka 1649 jeshi hilo hilo lilivuka kwenda Ireland na kuua watu Drogheda. Ila hata hilo linanithibitishia jambo: mtu aliyenyimwa sauti nyumbani hutumwa kirahisi kunyamazisha wengine ugenini.

Kwa hiyo mwalimu akikuuliza nani aliyemshinda mfalme, jibu Bunge ukitaka alama. Ukitaka ukweli, mtaje Richard Arnold, kisha uulize deni lake lililipwa na nani.