Juzuu ya 12 Haikuiharibu Death Note

Hoja kwamba manga ya Death Note ilipaswa kuishia juzuu ya 7, mara tu mpelelezi L alipokufa, imerudiwa hadi wengi wameichukua kama sheria. Siikubali hata kidogo. Kuishia pale ni kumwachia ushindi Light Yagami, muuaji anayeua kwa kuandika majina ya watu katika daftari, aendelee kujiita haki.

Kasoro za juzuu ya 12, ile ya mwisho, zipo, tena si ndogo. Near, mrithi wa L, anaeleza mtego aliomtegea Light kurasa kwa kurasa, na kutwambia kwamba msaidizi wake alinakili daftari zima kwa usiku mmoja ni kutudai imani kupita kiasi. Mello, mshindani wa Near, naye anaondolewa haraka mno.

Lakini tazama kule ghalani, Light anaponaswa. Matsuda, polisi aliyedharauliwa tangu mwanzo, ndiye anayefyatua risasi. Light, aliyejiona mungu, anagaagaa sakafuni akilia kwamba hataki kufa. Mchoraji Takeshi Obata amemchora bila kumbakizia chembe ya heshima. Kisha Ryuk, mungu wa kifo mwenye daftari, anaandika jina la Light, kama alivyomwahidi katika sura ya kwanza kabisa. Ahadi hiyo ya mwandishi Tsugumi Ohba ndiyo iliyoishikilia hadithi nzima. Anayetaka tuishie kwa L anatunyima utimizo wa ahadi hiyo.