Asilimia 15 ya sekta yetu, nani anaihesabu?

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kutwanga mawe: kuko pesa moja yenye sheria inasema ni ya fasi yetu, na wengi hatujawahi kusikia jina lake. Inaitwa redevance. Ni kodi yenye kampuni ya madini inalipa juu ya bei ya madini inayouza.

Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 inaigawanya hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa sekta ao sheferi fasi madini yanatoka.

Tupige hesabu. Kampuni ikiuza kasiterite ya dola 100.000, redevance ni 3,5 kwa mia, njo dola 3.500. Sekta inapashwa kupata 525. Kwa coltan redevance ni 10 kwa mia. Sekta inapata dola 1.500.

Nani anaangalia pesa hiyo? Sheria ya mwaka 2008 inasema kila sekta na kila sheferi iwe na conseil yenye kuchaguliwa na raia, yenye kupitisha bajeti na kumuomba shefu hesabu. Wanianga, Bakano, Bahunde, Bashali, Katoyi, Osso-Banyungu: hakuna hata moja yenye imekwisha kuchagua conseil. Desemba 2023 walichagua wa komini katika miji mikuu ya majimbo tu. Masisi, juu ya vita, haikupiga kura yoyote. Na tangu Mei 2021 jimbo letu linaongozwa na wanajeshi.

Wengine watatuambia: mungoje kwanza vita iishe. Lakini kwenye bariere, mwenye bunduki hangoji amani kwa kutulipisha. Kubandika karatasi kwenye mlango wa biro, fasi kuko utulivu, hakuombi amani ya nchi nzima.

Basi tunaomba mambo matatu. Kila miezi mitatu, sekta itangaze redevance yenye imeingia. Bajeti isomwe mbele ya raia, kwa Kiswahili. Na serikali ipange uchaguzi wa conseil, ianzie fasi kuko usalama.

Na sisi, kila kooperative na kila soko litume watu wawili ku biro ya sekta, waulize kwa heshima: pesa ya daraja, ya masomo na ya santé iko ngapi? Tukinyamaza, sheria itabaki karatasi.