Kabla hujauacha mbachao

Ijumaa nilipanda matatu kutoka Meru kwenda Embu. Hata hatujafika Nkubu, mama aliyeketi mbele yangu alikuwa ameambiwa habari nzito: mwanawe ameacha kazi katika kampuni moja kubwa jijini Nairobi. Sasa atashughulikia programu huria za kompyuta siku nzima.

"Na hizo programu utaziuza pesa ngapi?" mama akauliza.

"Haziuzwi, mama. Ni za kila mtu."

Mama hakusema neno tena hadi Chuka. Huenda alikuwa akihesabu karo ya wadogo zake kijana.

Usimcheke mama huyo. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake yamewekwa wazi, nawe unaruhusiwa kuisoma, kuitumia, kuirekebisha na kumpa mwenzako. Ni kama mradi wa maji kijijini: kila mtu anateka, lakini bomba likipasuka, nani atalipwa kulitengeneza?

Mwaka wa 2014 dosari kubwa iligunduliwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano katika intaneti kote duniani. Ndipo watu walipojua kwamba aliyeifanyia kazi siku nzima alikuwa mtu mmoja tu, na michango ya mwaka ilikuwa kama dola 2,000. Makampuni makubwa yalichanga baada ya aibu hiyo.

Hata hivyo, kijana naye si mpumbavu. Richard Stallman wa Marekani aliacha kazi katika chuo cha MIT mnamo Januari 1984, ili mwajiri asije akadai programu zake. Mwaka wa 1985 alikuwa akiuza kanda za programu yake ya Emacs kwa dola 150. Programu ilikuwa huria, lakini jasho lake halikuwa la bure.

Hapa kwetu, OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka wa 2006. Kutokana nayo ikaundwa KenyaEMR, inayotumiwa katika vituo vingi vya afya vya umma. Programu yenyewe hainunuliwi, lakini lazima awepo mtu wa kuiweka, kuwafunza wauguzi na kuirekebisha.

Kwa hivyo, wewe unayetaka kuandika barua ya kujiuzulu, usiache mbachao kwa msala upitao. Jiulize kwanza: ni nani anayeihitaji programu hii kiasi cha kunilipa niitunze? Ukiwa na mkataba wake mkononi na akiba ya miezi kadhaa, nenda. Kama huna, ifanye jioni ukitoka kazini. Mkopo wa HELB haulipwi kwa sifa.

Tulipokaribia Embu, mama alivunja kimya.

"Na hiyo programu ikiharibika, huyo kila mtu atamwita nani?"

"Ataniita mimi, mama."

"Basi akulipe."

Kijana alitoa kalamu akaandika kitu. Natumaini yalikuwa maneno hayo.