Ana jina la ziwa letu, makao yake London

Msomaji wangu, ukiingia nyumba ya mtu usihangaike kuuliza ana ng'ombe wangapi. Tazama ukutani. Mwenye picha ya harusi anataka uone harusi, mwenye cheti cha mwanawe anataka uone cheti. Sisi watu wa Mbinga na huku mwambao wa Nyasa tumetundika kalenda ya mwaka juzi. Jirani yetu wa Karonga katundika dinosaria.

Sikutanii. Karonga ni mji wa Malawi, kaskazini magharibi mwa ziwa hili hili tunalonawia miguu pale Mbamba Bay. Kutoka Mbinga unapanda basi Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, unateremka Tukuyu mpaka Kasumulu, unavuka mto Songwe, na baada ya hapo si mbali tena. Kwa mwewe ni safari ya kawaida. Kwa kiuno changu ilikuwa adhabu. Nilifuatana na shemeji yangu, muuza dagaa, ambaye alikuwa akifuata bei ya usipa. Mie nilifuata jumba la makumbusho. Tukakubaliana kila mmoja amvumilie mwenzake.

Jumba lenyewe lilifunguliwa mwaka 2004. Maonyesho wameyapa jina ambalo kwa lugha yetu ni kama "Kutoka dinosaria hadi demokrasia", na kweli unaanzia miaka milioni 240 nyuma huko, unakuja kutokea kwenye siasa za juzi. Mzee mzima unatembea na historia kama unatembea sokoni.

Mwenyeji wa nyumba ni Malawisaurus, yule dinosaria mwenye shingo ndefu na mkia mrefu, kasimama mifupa mitupu. Mifupa yake ilianza kufukuliwa wilayani humo mwaka 1924. Mwaka 1928 wataalamu wakampa jina jingine kabisa, mpaka 1993 ndipo akaitwa kwa jina la nchi yake. Shemeji akamzunguka kuanzia mkiani hadi kichwani, akaguna.

"Shemeji, huyu angetoka kilo ngapi?"

Kijana wa pale, Kiswahili chake kile cha kwetu kabisa cha Kyela, akacheka. "Baba, huyu ni nakala. Ametengenezwa kufuata mifupa yenyewe."

Uso wa shemeji ukashuka kama mtu aliyeuziwa gunia la dagaa, kulifungua akakuta nusu mchanga. Lakini wakati huo huo likaingia darasa zima la watoto wenye sare, na nakuambia hakuna hata mmoja aliyeuliza nakala au halisi. Mmoja alijipima urefu kwenye mguu wa mnyama. Mwingine alimshika mwenzake mkono kwa nguvu, macho juu. Nakala ilikuwa imeshafanya kazi yake.

Mie kilichonishika zaidi ni vitu vidogo. Kuna taya la Uraha, lililookotwa mwaka 1991 hapo hapo wilayani, la kiumbe wa ukoo wetu aliyeishi karibu miaka milioni 2.4 iliyopita. Taya tu na meno. Ukiliangalia unajikuta unajipapasa kidevu. Halafu kuna habari ya mawe yaliyochongwa. Jiwe unaligonga ukingoni kwa jiwe jingine, kinabanduka kibanzi chenye makali ya wembe, na kwa hicho unachuna ngozi na kukata nyama. Changarawe za Karonga zimejaa mawe ya namna hiyo. Mwaka 2021 watafiti walitoa taarifa kwamba, wakilinganisha mawe hayo na tope lililochimbwa chini ya ziwa, lenye masalia ya mkaa, wanaona watu wa huko walikuwa wakichoma mapori tangu miaka kama 85,000 iliyopita, mpaka misitu ikabadilika sura.

"Kumbe tabia ya kuchoma mapori hawakuianza wajomba zetu," shemeji akasema.

Hapo ndipo nilipofikiria Wamatengo. Maana kule kwetu milimani, Mmatengo akitaka kulima ngoro haanzi na kiberiti. Mwanamume anafyeka majani, anayalaza chini kwa mistari inayokatizana, shamba zima linakuwa kama wavu. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na udongo anaufunika juu ya majani. Majani yanaozea ndani yanakuwa mbolea, katikati panabaki shimo, mvua ikipiga maji yanatulia shimoni badala ya kubeba udongo na kuupeleka ziwani. Anaanza na maharage, baadaye mahindi. Mlima umesimama kama ukuta na bado unalimika. Wataalamu wamekuja kutoka Japani kuja kusoma jambo hilo. Mtoto wa Mbinga mjini anayeishi karibu na duka la simu, je, yeye ataliona wapi?

Na sasa nakuja kwenye donge langu. Mto Ruhuhu unaingia ziwani kati ya Lituhi, upande wetu, na Manda, upande wa Ludewa. Bonde la mto huo ni hazina ya mifupa iliyogeuka jiwe, mizee kuliko hata Malawisaurus. Enzi za ukoloni, miaka ya 1930, Mwingereza Parrington wa Cambridge alifukua humo. Katika mizigo yake mlikuwamo mfupa wa mkono wa juu na pingili chache za mgongo. Mifupa hiyo ikasafiri. Mwanafunzi wake mmoja, Alan Charig, akaiandika katika tasnifu yake mwaka 1956, halafu kimya. Charig akafariki 1997. Mwaka 2013 ndipo wenzake walipomtangaza rasmi mnyama huyo, jina la marehemu likiwamo kati ya waandishi: Nyasasaurus. Miaka kama milioni 243! Wanasema huenda ndiye dinosaria wa kwanza kabisa anayejulikana duniani, na kama siye, basi ni ndugu wa karibu sana.

Jina la ziwa letu hilo, bwana. Na makao yake ni London, katika jumba la makumbusho la viumbe. Mwingine wa aina yake yuko Cape Town.

Haikuishia hapo. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani na wenzao wa Tanzania walirudi bondeni, wakafukua mabaki ya wanyama wasiopungua 14 wa aina nyingine, mwaka 2010 wakamwita Asilisaurus kongwe. Asili. Kongwe. Kiswahili safi kimeingia kwenye vitabu vya sayansi vya dunia nzima, na sisi wenye Kiswahili hatuna habari. Huyu angalau yumo kwenye daftari la Makumbusho yetu ya Taifa.

Najua kuna watakaosema turudishiwe ya London, kama wanavyosema juu ya yule pandikizi la dinosaria la Tendaguru, Lindi, aliyefukuliwa kati ya 1909 na 1913 na sasa kasimama Berlin. Sibishi. Lakini akija kesho, atashukia wapi? Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, nayo ina kazi yake ya kutukumbusha mashujaa walionyongwa Februari 1906. Iringa wana Isimila, mawe ya kale yapo pale pale korongoni na kijumba chake cha maonyesho. Huku ziwani hakuna hata chumba kimoja. Wakubwa wanabishana na Malawi mpaka uko wapi ndani ya maji, wakati kwenye mifupa wenzetu wameshapiga bao la nakala.

Na nakala haihitaji vita na Mwingereza. Chumba kimoja Mbamba Bay au Liuli, karibu na lile jiwe la Pomonda ambalo wageni wanalipiga picha hata bila kuambiwa. Nyasasaurus wa plasta, Asilisaurus wa plasta na jina lake kwa herufi kubwa, na nje ya mlango kipande cha ngoro cha kweli kilicholimwa na Mmatengo wa kweli.

Shemeji bei ya usipa haikumridhisha, lakini hakurudi mikono mitupu. Tulipofika Lituhi aliwakusanya wavuvi mwaloni akawahadithia habari za Nyasasaurus, chumvi ikiwa nyingi kuliko ya dagaa. Mvuvi mmoja akauliza kama analiwa. Mwalimu aliyekuwa akinunua samaki akaniomba nimwandikie lile jina, nikamwandikia nyuma ya karatasi ya tiketi ya basi. Akalisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni, akasahau kuchukua chenji yake.