Minyoo wa Ubena na Siasa ya Malisho

Mbuzi hafi kwa minyoo kwa kishindo. Hukonda taratibu, manyoya yakasimama, utando wa ndani ya kope ukapauka, na mwishowe uvimbe laini ukaning'inia chini ya taya. Kwa kuwa hafi kwa kishindo, kifo chake hakitangazwi. Hakuna karantini, wala waziri anayefunga safari kuja kutazama. Mama aliyetarajia kumuuza mbuzi huyo anunue sare za shule ndiye anayebaki na hasara.

Ndugu msomaji, naandika juu ya Ubena, katika Halmashauri ya Chalinze, zamani sehemu ya Bagamoyo. Jirani na wakulima wa Kikwere na Kizigua wapo wafugaji wa Kiparakuyo, ndugu wa Wamaasai. Hawa si wageni wa jana: mwaka 1985 mwanaanthropolojia Peter Rigby alichapisha kitabu kuhusu wafugaji hao hao. Lakini zinapozungumzwa habari za mifugo yao, husemwa kwamba minyoo ni tunda la ujinga wa mfugaji. Hoja hiyo naikataa.

Tuanze na mnyoo mwenyewe. Yule ambaye wataalamu humwita Haemonchus hukaa katika tumbo la nne la mbuzi, kondoo na ng'ombe, akinyonya damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu, kwa takriban wiki moja huwa mabuu wanaopanda majani yenye umande, wakisubiri kuliwa. Mbuzi akirudi, mzunguko huanza upya. Asiporudi kwa miezi kadhaa, na jua likapiga, mabuu wengi hufa.

Maana yake ni kwamba ipo tiba ya kale kuliko dawa zote za chupa, nayo ni kuhama. Mfugaji alipoacha malisho ya masika akaelekea ya kiangazi, hakuwa akitangatanga. Alikuwa akiipumzisha ardhi, na kwa kuipumzisha aliwaua minyoo kwa njaa. Katika ukanda huu wenye masika na vuli, ambako majani hukaa na unyevu muda mrefu kuliko katika nyika kavu za kaskazini, tiba hiyo inahitajika zaidi.

Sasa tumemfanyia nini? Mapito ya mifugo yamelimwa, mengine yamekatwa viwanja. Wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa kusini na pwani ya nchi, ambako malisho, maji na majosho havikuwa vimeandaliwa ipasavyo. Sheria ya Nyanda za Malisho tunayo tangu 2010, lakini malisho yanaendelea kumegwa. Tumemfungia mfugaji mahali pamoja, mifugo yake ikala juu ya kinyesi chake yenyewe, kisha tunamwita mchafu.

Najua jibu litakalotolewa: apunguze mifugo. Ziko sehemu ambako kupunguza kunafaa. Lakini mbuzi kumi waliofungiwa mwaka mzima kwenye kipande kimoja chenye mabuu wataugua vilevile. Kwao jambo zito ni kukosa pa kuhamia.

Jibu la pili ni kwamba dawa zipo mnadani. Zipo, ndiyo. Ila bila mizani, wala mtu wa kupima kinyesi kwa darubini, mfugaji hukadiria kwa jicho. Dozi pungufu huwaacha hai minyoo sugu, nao ndio wanaozaliana, hata siku moja dawa ikawa maji. Tangu huduma za mifugo zilipoanza kuachiwa soko katika miaka ya 1990, mshauri wa karibu wa mfugaji mara nyingi ni yule yule anayemuuzia chupa. Hapo mjinga ni nani?

Wala tusiambiwe kwamba Serikali haiwezi. Mwaka 2025 ilizindua kampeni ya kitaifa ya kuchanja mifugo kwa ruzuku. Shuleni, watoto hupewa dawa za minyoo bila malipo na kwa ratiba. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachofundisha madaktari wa mifugo, kiko Morogoro, kwenye barabara kuu hiyo hiyo ipitayo Ubena. Maarifa yapo; utashi ndio haupo.

Yanayotakiwa ni machache. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji itenge malisho ya masika na ya kiangazi, pamoja na mapito ya kuyaunganisha, na halmashauri iyalinde. Kila kata ya wafugaji iwe na ofisa mifugo mwenye darubini, mizani na usafiri. Dawa itolewe kwa ruzuku, kwa uzito uliopimwa na kwa majira, si kwa kubahatisha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe mtumishi wa halmashauri unayesoma haya, fungua ramani ya kijiji kimoja cha wafugaji kilicho chini yako na utafute mahali mbuzi anapoweza kwenda mvua zikiisha. Usipopaona, usiandike tena katika taarifa yako kwamba wananchi wanahitaji elimu.