Nyumba ya Kutisha Yenye Upendo

Akina mama wapendwa, mnaikumbuka katuni ya The Addams Family ya mwaka 1992? Tulifunika macho tukichungulia kati ya vidole! Jumba lilikuwa la giza, mkono usio na mwili ulitembea peke yake, na binamu mmoja alikuwa nywele tupu tangu kichwani hadi miguuni.

Lakini mle ndani, nani alimwogopa mwenzake? Gomez alimpenda mkewe Morticia waziwazi, mbele ya watoto. Katika tamthilia yao ya 1964, Morticia akitamka neno moja tu la Kifaransa, mumewe humbusu mkono mpaka begani. Bibi naye aliishi nao, wala hakuonekana mzigo.

Sisi wauguzi huletewa watoto walioanza tena kukojoa kitandani. Mara nyingine chanzo si ugonjwa wala katuni, bali ugomvi wa baba na mama wanaousikia usiku. Nyumbani mapazia ni meupe na msalaba uko ukutani, lakini mtoto analala na hofu.

Wapendwa, tofauti zetu tuzimalize kwa upole, na zikituzidi tutafute msaada mapema. Watoto wetu waone tukipendana. Mungu azibariki nyumba zetu.