Nauli ya Kurudi Nyumbani



Wiki iliyopita mjukuu wetu alitupigia simu kutoka mjini. Matatu zimejaa, magharibi inakaribia: apande bodaboda au angoje? Kabla ya kumjibu tulijiona tumesimama tena Buxton, yapata miaka arubaini nyuma, mkoba wa vitabu begani na sarafu za nauli zimelowa jasho kiganjani.

Sisi tuliokulia Ziwa la Ng'ombe tulilala bara na kuishi kisiwani. Skuli tuliyosomea, hospitali ya Makadara, vitambaa vya Idi, vyote vilikuwa ng'ambo ya maji. Mama zetu walivuka kwa daraja la kale la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931: daraja la kuelea, likipanda na kushuka pamoja na maji, tena la kulipia. Daraja la saruji lilipofunguliwa mwaka 1980, sisi tulidhani tabu ya njia imekwisha. Kumbe imehamia mlangoni mwa matatu.

Mwanafunzi alilipa nauli pungufu, na utingo hakuipenda nauli hiyo. Asubuhi tulipata gari bila ya mashaka makubwa. Jioni, watu wazima waliporudi makwao, sare ya skuli iligeuka kuwa kosa. Utingo alinyoosha mkono mlangoni akatupangua kama mtu achambuaye mchele. Akituhurumia, alipakia wawili, nao wasimame wameinama chini ya paa, mikoba kifuani, wamebanwa na wanaume wasiowajua. Hizo ni zama za kabla ya kanuni za mwaka 2004, zilizoleta mikanda na kila abiria na kiti chake. Msichana aliyefunzwa nyumbani kujisitiri alitakiwa asahau mafunzo hayo kila siku ya skuli, kutoka Buxton hadi Bombolulu.

Siku tuliposhindwa kabisa, tulikwenda kwa miguu. Darajani upepo uliyapeperusha mabuibui yetu, tukayashika kwa mkono mmoja na vitabu kwa mwingine. Kongowea ilitupokea kwa harufu ya vitunguu na maembe yaliyooza. Tulipofika Kengeleni tulipumzika kidogo, karibu na kengele ya Freretown, makao waliyojengewa watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870. Mara nyingi adhana ya magharibi ilitukuta tungali njiani, na kuanzia hapo hakuna aliyezungumza. Tulikaza mwendo tu.

Mama yetu alikuwa akitungoja kando ya barabara na kandili. Hakutugombeza hata siku moja. Alilipandisha kandili akatutazama nyuso, kisha akauliza, "Mmekuwa wangapi leo?"

Tulikuwa wanne. Tulipofika kidato cha pili tukawa watatu. Baba wa mwenzetu, mtu mwema na mchaji, aliona si vyema binti kuingia nyumbani baada ya magharibi, akamtoa skuli. Mwaka wa pili yake akamwoza. Tumemfikiria sana mzee yule, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hatari aliyoiona ilikuwapo kweli, nasi ndio tuliokuwa tukiipita. Lakini adhabu ya njia mbaya aliilipa mtoto. Kandili lilikuwa la bei gani? Mwenzetu huyo ndiye aliyetushinda sote kwa hesabu. Leo anauza mahamri na mbaazi, na wadeni wake wote anawahesabu kichwani, hana daftari.

Mjini London watoto walio chini ya miaka 16 hupanda basi bila ya kulipa tangu mwaka 2005. Hatutaji hayo ili kuwatamani Waingereza. Tunayataja kwa kuwa mtu fulani huko alikaa akafikiri mtoto atafikaje nyumbani. Kwetu jambo hilo limeachiwa huruma ya utingo, na utingo naye anadaiwa hesabu ya siku na mwenye gari.

Leo kuna bodaboda. Baadhi ya ndugu zetu wanawalaumu wasichana wanaozipanda kwamba wamekosa haya. Tungependa wanaolaumu kwanza wasimame stejini saa kumi na mbili jioni. Tunachokihofia sisi zaidi ni buibui na dera. Pindo likiingia katika gurudumu au mnyororo, humvuta mwenyewe chini kabla dereva hajatambua. Basi kina mama, tuwafunze mabinti kukusanya nguo yote mapajani na kuikalia, ncha za mtandio ziingizwe ndani, na asikubali kuondoka kabla ya kuinama kutazama upande wa gurudumu. Na dereva awe ni mtu anayejulikana mtaani, ambaye nyumba yake twaijua.

Mjukuu wetu hatukumwambia apande wala asipande. Tulimwambia angoje penye taa, karibu na duka lenye watu, kisha tukaswali magharibi, tukavaa buibui, tukatafuta tuktuk. Tulimkuta na wenzake wawili ambao hakututajia kwenye simu. Tulitosha kwa kubanana, na nauli ya wote tukailipa sisi.